Programu inanipa jina, wajuzi wanasema "hatambuliki": nianzie wapi na buibui?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Nina kama mwaka hivi nimekua mgonjwa wa buibui, kila nikimuona mmoja napiga picha na simu. Shida ni kwamba nikiiweka kwenye programu ya kutambua viumbe inanipa jina hapo hapo, nikiwauliza wanaojua wananijibu 'huyu hatambuliki kwa picha', sasa sielewi nani mkweli. Sijasoma baiolojia zaidi ya ile ya shule. Mtu anaweza kujifunza mwenyewe mpaka akawa anawatambua kweli? Na huyu niliyekutumia picha tatu, nimemhesabu macho ni sita, wa kahawia, programu inasema ni Loxosceles, yule wa hatari. Nimuue?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usimuue, mfunike na glasi kama roho inakudunda, tutarudi kwake mwishoni maana ile picha yako ya pili imenifurahisha na nataka uone mwenyewe kilichomo kabla sijakutajia.

Hilo la kujifunza mwenyewe lisikutie hofu hata kidogo, hii fani tangu zamani imebebwa na watu wenye kazi nyingine kabisa. Yule Msweden Carl Clerck aliacha chuo mapema kwa sababu hela hazikutosha, akaingia utumishi wa serikali, akaishia kwenye utawala wa jiji la Stockholm, na mambo ya viumbe yalimkamata ukubwani. Mwaka 1757 akatoa kitabu cha buibui wa kwao na majina aliyowapa yanatumika mpaka leo. Na hapa kuna kioja, majina ya kisayansi ya wanyama wote yanahesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus, yule Msweden mwenzake aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina, cha 1758, cha kabla ya hapo hakitambuliki, isipokua buibui wa Clerck, hao peke yao walipewa ruhusa maalumu. Mtu aliyeacha chuo! Baadae Uingereza akaja Octavius Pickard-Cambridge, mchungaji wa kanisa, akaelezea mamia ya spishi mpya. Kwa hio ukiniuliza kama inawezekana nakujibu inawezekana, ila sio kwa njia unayotumia sasa hivi.

Maana wewe unaanza na jina. Unataka jina kwanza, alafu ndio umtazame buibui kama anafanana na jina. Hapo ndipo wengi wanapotea, na mimi nilipotea hapo hapo miaka mingi.

Programu inachofanya ni kufananisha picha yako na picha ilizolishwa. Buibui waliopigwa picha sana, wakubwa, wazuri, wa rangi kali, hao inawajua vizuri na mara nyingi inapatia. Sasa kumbuka orodha ya dunia nzima ya buibui, ile inayotunzwa na makumbusho ya Bern kule Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwezi wa nne mwaka 2022, na bado zinaongezwa, na wengi kati ya hao wapo kwenye chupa za makumbusho tu, hakuna aliyewahi kuwapiga picha wakiwa hai. Programu haiwezi kukutajia kitu isichowahi kukiona, kwa hio itakupa jirani yake aliye maarufu. Haikudanganyi kwa makusudi, ni vile tu neno "sijui" inalitumia kwa uchoyo sana.

Na wale wanaokuambia hatambuliki hawakukatishi tamaa, wanakuambia ukweli wa kazi ulivyo. Tazama dume aliyekomaa. Mbele kabisa, pembeni ya mdomo, ana viguu viwili vifupi vinaitwa palpi, jike navyo anavyo ila vyake ni vyembamba kama mguu mdogo. Vya dume vimevimba kwenye ncha utasema kavaa glavu za ndondi, na ukiziweka chini ya hadubini unakuta ndani ya glavu kuna miiba, ndoano, vibamba, na uzi mgumu uliojizungusha kama springi, umbo hilo linatofautiana spishi na spishi hata kama hao buibui kwa nje wanafanana kama pacha. Jike mkubwa mgeuze tumbo juu, pale karibu na miguu inapoishia kwa wengi utaona kibamba kigumu cheusi au chekundu kwa mbali, ndio epigini, nayo ina mchoro wake. Vitu viwili hivyo ndivyo vinavyotenganisha spishi nyingi. Sasa wewe umepiga picha ya mgongo, ya mtoto wa buibui asiye na glavu wala kibamba, utapewa jina gani? Hata mwenye shahada tatu ataishia kwenye familia au jenasi, na akiwa muungwana atakuambia hivo.

Kwa hio ushauri wangu mkubwa ni huu, achana na spishi kwa mwaka mmoja, lenga familia, yaani lile kundi kubwa lenye jenasi na spishi nyingi ndani yake. Ziko zaidi ya 130 lakini unazogongana nazo kila siku hazifiki hata ishirini, na mtu akitulia miezi michache anazijua zote kwa kuangalia tu, kama unavyomjua ndugu yako kwa mwendo akiwa bado mbali.

Anza na macho. Wengi wana macho manane, ila yamepangwa tofauti tofauti na mpangilio huo ndio kitambulisho chao. Yule mdogo anayeruka ukutani, Salticidae, uso wake umesimama kama kioo cha mbele cha basi, macho manne kwa mstari, mawili ya kati makubwa kupita kiasi. Msogelee taratibu na kidole, atageuka akutazame, kabisa, anainua kichwa, ukisogea kushoto na yeye anafuata. Mara ya kwanza kunitokea hivo niliona aibu kidogo kama nimekamatwa nachungulia dirisha la mtu. Hao ndio familia kubwa kuliko zote, spishi zaidi ya 6,000, na uso huo mmoja unatosha kukuambia uko kwao.

Anayekimbia chini kwenye majani makavu, Lycosidae, wenyewe wanawaita buibui mbwamwitu, ana safu tatu, chini vijicho vinne vidogo, juu yake macho mawili makubwa yanatazama mbele, alafu mawili mengine nyuma yake juu ya kichwa. Nne, mbili, mbili. Ukikuta jike amebeba mpira wa mayai umegandishwa nyuma kwenye sehemu anayotolea uzi, hapo hamna ubishi tena, na ukikuta mgongo wake umevimba na una manyoya yanayotembea, hayo sio manyoya, ni watoto. Kuna familia nyingine inafanana nao sana, Pisauridae, ila yeye mpira wa mayai anaubeba mdomoni. Umeona? Hata hujahitaji lenzi hapo, umetazama tu amebeba nini na wapi.

Wa kwenye maua, miguu minne ya mbele mirefu imetanuliwa kama anataka kukumbatia mtu, na anatembea kiubavu ubavu, Thomisidae. Mwenye miiba mirefu miguuni na macho yaliyokaa kama duara la pembe sita, Oxyopidae. Bapa kama karatasi, kabandikwa ukutani, macho sita kwenye safu ya mbele, Selenopidae. Mwenye mikia miwili mirefu nyuma yake kwenye gome la mti, Hersiliidae, ile sio mikia bali vitoa uzi. Wale wakubwa wenye manyoya wanaochimba mashimo wana meno yanayoshuka kwenda chini sambamba kama sululu, wakati hawa wa kawaida meno yao yanakutana kama koleo.

Kuona macho ya mdudu wa milimita tano ni shughuli, najua. Lenzi ndogo ya kukuzia mara kumi inatosha, au ile ya kubana kwenye kamera ya simu. Lakini kuna njia wengi hawaijui, okota magamba. Buibui akikua anavua ngozi yote, na unapomuona "buibui mkavu" ananing'inia kwenye kona mara nyingi sio maiti, ni nguo ya zamani. Lile gamba la kichwani linakua limefunguka kama kifuniko, liweke juu ya karatasi nyeupe ulitazame kwa raha zako, nafasi za macho zote ziko pale, hamna anayekimbia wala anayeng'ata. Mimi nimejifunza nusu ya familia ninazozijua kwa magamba.

Baada ya macho tazama nyumba yake. Tandabui ni saini. Duara lililosimama wima, buibui amekaa katikati kichwa chini, ni Araneidae, na kama katikati kuna mshono mweupe wa zigizaga huyo ni Argiope. Duara limelala kama meza juu ya maji na mwenyewe ni mrefu mwembamba mwenye taya ndefu, Tetragnathidae. Shuka limetandikwa na pembeni kuna bomba anajificha, Agelenidae. Nyuzi hovyo hovyo kona ya dari na mwenye miguu mirefu kama nywele, ukimgusa anajitikisa mpaka humuoni vizuri, Pholcidae, na kwa taarifa yako ile hadithi kwamba huyo ana sumu kuliko wote ila meno ni mafupi haina msingi wowote. Nyuzi hovyo hovyo lakini ngumu, ukizigusa zinalia kama zinakatika, mwenyewe tumbo la mviringo, Theridiidae, na hapo ndio wanakaa kina Latrodectus, wale buibui wajane wenye sumu kali, kwa hio mkono uwe na adabu. Ukitaka kuliona tando vizuri nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia asubuhi, usimwage unga kama wanavyofanya wapiga picha wengine, ule unga unaharibu nyumba ya mwenzio na itabidi ajenge upya.

Rangi iwe ya mwisho. Tena ikiwezekana isiwepo. Misumena vatia, mmoja wa wale Thomisidae wa kwenye maua, jike, akihamia ua la njano anageuka njano ndani ya siku kadhaa, akirudi kwenye jeupe anarudi nyeupe, ni yule yule mmoja. Latrodectus mtoto ana mistari meupe na madoa, humfananishi kabisa na mama yake. Latrodectus geometricus wapo weupe-kahawia mpaka karibu na weusi, kinachomsema ni alama ya rangi ya chungwa tumboni kwa chini yenye umbo la saa ya mchanga, na zaidi ya hapo ni mifuko yake ya mayai, ina vimiiba vimiiba pande zote kama mpira uliochomwa njiti. Mimi mtu akinitumia picha ya mfuko huo tu, buibui mwenyewe hayupo, namjibu bila wasiwasi.

Na hesabu miguu kabla ya yote, usicheke. Siku moja nilikua natazama sisimizi kwenye jani, mmoja kati yao akafika ukingoni, akajirusha, akabaki ananing'inia hewani kwenye uzi. Sisimizi gani anashuka kwa kamba? Nikamsogeza karibu, zile nilizodhani ni papasi za kichwani ni miguu yake ya mbele ameinua anaichezesha, na usoni macho mawili makubwa ya mbele. Myrmarachne, wa ukoo ule ule wa warukaji. Nilishampita huyo mara mamia nadhani. Kinyume chake pia kipo, yule mwenye mwili wa kipande kimoja kama kidonge na miguu mirefu sana, hana uzi, hana sumu, huyo sio buibui kabisa, ni ukoo mwingine unaitwa Opiliones.

Darasa lako la kwanza liwe ndani ya nyumba unayoishi. Nasema hivo kwa sababu kuna buibui wanaosafiri na binadamu na mizigo yake, sehemu nyingi za dunia utakuta kundi lile lile. Pholcus kwenye dari. Oecobius wa milimita mbili tatu, amejifunika kitambaa kidogo kwenye kona ya ukuta, akimpata sisimizi anamzunguka mbio mbio anamfunga kwa uzi mpaka jamaa hajui kimetokea nini. Maeneo ya joto ongeza Heteropoda venatoria, yule bapa mkubwa anayekimbia kama umeme usiku, jike anatembea na mfuko wa mayai bapa kama sarafu chini ya kifua, na warukaji kama Plexippus paykulli na Menemerus bivittatus. Ukiwajua hawa dume na jike, mtoto na mkubwa, umeshapata kipimo cha kuwapimia wengine wote. Mtu anakimbilia msituni wakati choo chake kina spishi nne hazijui hata moja.

Ukitaka burudani toka nje usiku, tochi ya kichwani au ishike usawa wa macho, tazama chini kwenye majani. Utaona vinukta vya kijani vinawaka, hayo ni macho ya Lycosidae yanarudisha mwanga. Mwanzoni utachanganya na matone ya umande, umande unameta meta na kubadili rangi ukisogea, jicho linatulia pale pale linakutazama.

Picha sasa. Moja ya mgongo haitoshi. Nataka ya uso, ya mgongo, ya ubavu, na ya tumbo kwa chini, hio ya chini muweke kwenye chombo cha kioo umpige kwa nyuma ya kioo, ana uhuru wake na wewe una amani yako. Pima urefu wa mwili bila miguu, maana watu wakisema "alikua kama kiganja" wamepima miguu na woga wao humo humo. Andika tarehe, mahali, urefu kutoka chini, alikua anafanya nini. Kabla ya kukubali jina lolote angalia kwanza kama spishi hio inapatikana unapoishi, hapo peke yake utafuta nusu ya majina ya programu. Siku ukifika hatua ya kuhifadhi sampuli ni ethanoli ya asilimia 70 mpaka 80, na lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa, wino wa kalamu utayeyuka, nje ya chupa itabanduka, na sampuli isiyo na mahali wala tarehe ni takataka tu hata kama ni spishi mpya. Na ulizia sheria za unapokusanyia kabla hujaanza.

Tena usidharau hizo picha zako. Maratus nemo, yule mdogo wa Australia mwenye uso wa rangi ya chungwa na mistari meupe, aliyemuona sio mtaalamu wa buibui, alipiga picha tu, akaiweka mtandaoni, wataalamu wakashtuka, mwaka 2021 akapewa jina. Huyo mtu alichokua nacho ni jicho na kumbukumbu ya mahali.

Haya, turudi kwa huyu wako. Hofu yako naielewa, Loxosceles kweli yupo na sumu yake inaweza kuozesha nyama, sikudanganyi. Ila naye anasingiziwa kuliko anavyotenda. Kuna familia moja Kansas, Marekani, nyumbani kwao walikusanya Loxosceles reclusa 2,055 ndani ya miezi sita, mwaka 2001, na hakuna aliyeonekana kudhurika hata mmoja, habari hio ilichapishwa 2002. Na macho sita peke yake hayamtoshi kumhukumu mtu, wenye macho sita wapo familia kadhaa.

Nakuambia hili kwa sababu lilinikuta. Miaka ya mwanzo nilimkuta mmoja wa kahawia nyuma ya kabati, nikahesabu macho, sita, yamekaa mawili mawili, mafungu matatu, nikatangaza nyumba nzima kwamba ni Loxosceles. Tulihamisha vitu vyote, watu wakalala sebuleni siku mbili, mimi najiona bingwa. Siku ya tatu nikapata ujasiri wa kumtazama kwa ubavu na lenzi. Kichwa chake kilikua na nundu, kimepanda kuelekea nyuma kama kuba. Loxosceles kichwa chake ni bapa, na miguu yake ni ya rangi moja haina pete. Huyu miguu ilikua myembamba ina pete pete, anatembea pole pole kama mzee anatafuta miwani. Alikua Scytodes, yule anayetema gundi ya zigizaga kwenye windo lake akiwa mbali kidogo, kufumba na kufumbua mdudu amegandishwa chini. Hio nundu ndio imebeba tezi za gundi. Kurudisha vitu mahali pake ilikua kazi yangu peke yangu, hakuna aliyenisaidia.

Sasa fungua picha yako ya pili, ile uliyosema imetoka vibaya kwa sababu alikua kiubavu. Mimi naona kichwa kimepanda nyuma, naona madoa meusi mgongoni, naona pete kwenye mguu wa pili na wa tatu. Ni Scytodes. Spishi sikutajii, maana kwenye ile ya tatu palpi zake ni nyembamba, inawezekana ni jike au bado ni mtoto. Mrudishe pale ulipomtoa, na gamba lake linalofuata akilivua niletee picha.